Taji la Tano na Kona ya Winifred

Jumatatu, 22 Septemba

Daktari amekuja asubuhi. Kijana mwenye ndevu chache na mikono baridi. Amesikiliza moyo wangu mpaka nikaona haya kwa niaba ya moyo. Kasema ni pampu ya zamani iliyofanya kazi nzuri, na nikiiona Krismasi nishukuru. Nikamwuliza kama nitaiona fainali kuu ya raga mwezi ujao. Akasema huenda. Nikamwuliza kama Wafumaji, timu yetu ya hapa Thornroyd, watachukua taji la tano mfululizo. Akasema hilo si fani yake. Miaka yote ile chuoni, halafu hajui jambo la maana!

Basi naanza shajara. Mtu akikaribia kufa inafaa aungame. Mchungaji wetu ni shabiki wa kandanda, kwa hiyo siwezi kumwungamia yeye.

Ungamo la kwanza ni la leo hii. Kwenye kifungua kinywa, Enoch Lumb, jirani yangu wa chumba cha pili hapa makao ya wazee, muuza nyama mstaafu na shabiki wa Wachimbaji wa Castlegate, kanitazama juu ya soseji yake akasema zama zetu zimefika mwisho. Mataji manne yanatosha. "Hakuna marefu yasiyo na ncha, Mwalimu." Maneno yangu hayo! Ndiyo niliyowafundishia watoto wa Thornroyd historia kwa miaka arobaini: Waashuri, Warumi, viwanda vya sufu. Sikuwahi kuwaambia kwamba yanawahusu Wafumaji.

Nikapandwa na hasira. Tukawekeana dau mbele ya Beverley, mlezi wetu. Wafumaji wakichukua taji la tano, siku Lumb akifa majivu yake yatamwagwa kwenye uwanja wetu. Wakishindwa, yangu yatamwagwa kwa Wachimbaji. Tukapeana mikono. Beverley akasema kwetu wawili hakuna mtu mzima hata mmoja.

Jioni, nikipiga mswaki, nikakumbuka.

Winifred yuko kwenye uwanja wetu. Kona ya kushoto, nyuma ya mstari. Nilimmwaga mimi mwenyewe, ile Jumapili ya baada ya msimu ambapo klabu hufungua lango kwa wafiwa. Nilimwahidi kwamba nafuata.

Mungu wangu! Nimemweka rehani mke wangu kwa ajili ya soseji.

Jumatano, 24 Septemba

Sijalala. Lakini nimefikiri, na kufikiri kumenipendeza. Swali lenyewe ni zuri: je, kuna timu inayoweza kushinda bila kukoma? Kama haiwezi, ni nini hasa huwa kinaisha? Miguu? Njaa? Bahati? Nilifundisha sababu za kuanguka kwa Roma kana kwamba nilikuwepo. Leo najiuliza kama kulikuwa na Mrumi yeyote aliyeona dalili, au wote walikuwa wanakula tu.

Dalili yetu ni goti la Garside. Danny Garside, nahodha, namba saba, ubongo wa timu. Miaka thelathini na minne. Wafumaji ni Garside, na Garside ni goti la kushoto. Nikilijua goti, nimeijua Oktoba.

Mpango: kulipeleleza. Nikamwambia Beverley kifua kinataka hewa safi, tena hewa ya upande wa viwanja vya mazoezi, maana ndiyo kavu zaidi. Kaniangalia sana, lakini kanisukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi kwenye uzio. Nikatoa darubini.

Nimeona mambo! Mabingwa mara nne, na asubuhi nzima wanapasiana mpira hatua chache, kushoto, kulia, kama watoto wa darasa la pili. Wakikosea wanaanza upya. Hakuna aliyecheka wala kulalamika. Je, siri ndiyo hii tu? Nilikuwa naandika hilo pembeni ya gazeti pale mlinzi alipofika.

Alikuwa na hasira. Akasema, "Mzee, rudi ukawaambie waliokutuma kwamba hapa haibiwi mtu." Nikamwambia nimeishabikia timu hii tangu babake hajazaliwa. Akaninyooshea kidole magotini. Blanketi la buluu na nyeupe, rangi za Wachimbaji. La Lumb! Nilibeba la Lumb kutoka sebuleni bila kutazama. Beverley alicheka mpaka akakishikilia kiti changu asianguke.

Goti sikuliona.

Ijumaa, 26 Septemba

Mpango mpya: kulivunja dau kiungwana. Nimemwagiza Beverley pai ya nguruwe kutoka dukani, nikaipeleka chumbani kwa Lumb kama sadaka ya amani.

Kosa. Humpelekei muuza nyama pai ya dukani. Ameikata, akaigeuza, akainusa, akaniuliza nguruwe mwenyewe alihusika vipi. Kisha akaila yote.

Nikamwambia kwa upole kwamba nimefikiria hali yake. Mtu wa Castlegate kumwagwa Thornroyd, atajisikia mgeni milele. Afadhali tusahau. Lumb akajipangusa mdomo. Kasema, "Umeingiwa na baridi, Mwalimu. Sema tu."

Hapo ningemtaja Winifred, na mambo yangekwisha. Neno moja! Lakini Lumb alikuwa ameinua nyusi zake zile. Mtu hawezi kumtaja marehemu mkewe mbele ya nyusi za namna ile. Nikasema siogopi chochote. Nikasema tena, tuongeze dau: atakayeshindwa, wimbo wa timu ya mwenzake upigwe na bendi ya matarumbeta kwenye mazishi yake.

Tukapeana mikono tena. Mkono wake una mafuta ya pai.

Hata hivyo kabla sijatoka nimemwuliza, kwa udadisi tu, kwa nini anaamini tutaanguka. Hakunidhihaki. Kafikiri. Kasema dukani kwake alikuwa na kisu alichokinoa kila asubuhi. Kilikata kuliko vyote. Na kila mwaka kilikuwa chembamba kidogo. "Hukioni kikipungua, Mwalimu. Unaona kinakata tu."

Nimekaa na maneno hayo jioni nzima. Yanauma kwa sababu ni mazuri.

Jumapili, 28 Septemba

Siku ya ajabu. Siku ya maafa. Sijui niandike kwa herufi za ukubwa gani.

Klabu hutembelea wazee kila mwaka kabla ya mechi za mtoano. Leo ni zamu yetu, na aliyeletwa ni nani? Danny Garside mwenyewe! Kaingia sebuleni na jezi ya rangi nyeusi na manjano, amebeba sahani ya keki, na moja kwa moja akaja kwangu. "Shikamoo, Mwalimu Ormondroyd." Nilimfundisha. Alikuwa mvivu kuhusu tarehe na hodari kuhusu sababu.

Lumb, kwenye kiti chake, akajifanya anasoma gazeti. Lilikuwa juu chini.

Nikamwuliza Garside swali langu waziwazi: je, inaweza kuendelea? Nilitegemea maneno ya kwenye televisheni. Badala yake kajikuna shingo. Kasema, "Mwalimu, wala sijui kama kuna kitu cha kuendelea." Katika waliochukua taji la kwanza, waliobaki ni wanne. Kila mwaka wanaondoka wazuri kwa sababu sheria ya ligi hairuhusu kuwalipa wote, wanakuja watoto, na kila Februari wanaanza hawajui lolote. Watu wa nje wanaona zama moja. Yeye anaona miaka minne tofauti iliyovaa jezi moja. "Halafu kila mara tunaogopa. Wewe ulidhani hatuogopi?"

Sikuwahi kulifikiria hilo. Nilifundisha zama kana kwamba ni ukuta, na huenda ni mawe tu yaliyokaa karibu!

Hapo ningeridhika. Lakini goti lilikuwa pale, hatua moja kutoka kwangu, ndani ya suruali. Mpango ukanijia wenyewe. Nikaudondosha mkongojo wangu, makusudi, upande wake wa kushoto. Akiinama nitasikia kama linalia au halilii.

Kijana mwenye adabu. Akainama papo hapo. Mimi nikainama nisikie. Akainuka.

Nina kipaji cha uso kigumu kuliko nilivyojua. Kimepimwa na nyusi ya nahodha wa Thornroyd, ikapasuka. Damu juu ya keki. Akasimama, akayumba, akaniuliza kama mtihani ni leo.

Wamempeleka hospitali. Sheria ya kuumia kichwa haina huruma: hachezi Ijumaa. Nusu fainali! Akipona vizuri huenda akawahi fainali, kama kutakuwa na fainali.

Lumb ameligeuza gazeti lake. Kasema miaka yote hii Wachimbaji wamemtafuta mtu wa kumzuia Garside, kumbe alikuwa chumba cha pili.

Goti, kwa taarifa ya vizazi vijavyo, halikulia.

Ijumaa, 3 Oktoba

Wiki nzima mji haujaambiwa nani alimpasua Garside. Klabu ilisema "ajali ndogo kwenye shughuli za kijamii." Beverley ameapa kunyamaza. Lumb hajaapa, ila ananitumia: nimemletea chai yake kila asubuhi na kumwachia kiti cha dirishani.

Usiku nusu fainali, dhidi ya watu wa Lancashire, jimbo jirani. Sebule imejaa. Namba saba ni Ellis Kitching, umri miaka kumi na tisa, masikio kama vishikio vya kikombe. Dakika za kwanza alikuwa anatetemeka hata televisheni ilionyesha. Nilifumba macho. Nikamwomba Winifred msamaha kwa ajili ya mambo kadhaa.

Dakika za mwisho tulikuwa sare. Kitching akaupokea mpira, akaudondosha mguuni, akaupiga katikati ya nguzo kama mtu anayetupa taka. Pointi moja. Tumeshinda kwa pointi moja!

Nimepiga kelele mpaka Beverley akanipima mapigo. Zama zinaendelea bila Garside! Basi Wafumaji si Garside. Basi ni nini? Nimesisimka kama mwanafunzi.

Wachimbaji nao wameshinda mechi yao. Fainali ni wao na sisi. Lumb amesema tu, "Naam," akaenda kulala.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mji umegawanyika. Acheze Garside au Kitching? Mwanamke anayetusafishia vyumba haongei tena na dada yake.

Mimi nasema Garside. Kwa nini? Nimejichunguza. Kwa sababu nilimpasua. Akicheza tukashinda, sikumpasua.

Redio ya hapa ina kipindi ambapo wasikilizaji hupiga simu. Nikapiga kwa jina la Bwana Septimus wa Barabara ya Kiwanda. Nikaongea vizuri sana. Nikataja vita vya kale vya Warumi na Wapuni. Nikasema jemadari mzee mwenye kovu anajua anachokiogopa, kijana bado hajajua. Mtangazaji akanishukuru, akamchukua msikilizaji wa pili, ambaye alijitambulisha kuwa shabiki wa Wafumaji tangu tumboni mwa mamake, akaanza kulilia Kitching apangwe, Garside apumzishwe, ikiwezekana milele.

Niliijua sauti ile. Nikageuza kichwa. Lumb alikuwa mwisho wa korido na simu ya ukutani, mgongo wake kwangu.

Nami nilikuwa bado hewani. Nikamwambia Lumb acha unafiki. Akaniambia nyamaza, mpasua manahodha. Kengele ya kutuita kwenye mchezo wa bingo ikalia. Mtangazaji akauliza taratibu mbona anasikia kengele ile ile kwenye simu zote mbili, na kama waheshimiwa wangependa kutoka kwenye jengo moja kabla ya kuendelea kupingana.

Chakula cha jioni kila meza walikuwa wananiita Septimus.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku mbili sikuandika. Pampu imegoma kidogo. Maji kifuani, pumzi fupi, nimelazwa juu ya mito kama mfalme aliyechoka. Daktari wa mikono baridi alikuja akaongea na Beverley mlangoni, kwa sauti ile wanayodhani hatuisikii.

Lumb amekuja kukaa nami. Alikuwa anaitazama picha ya Winifred kwenye meza. Akauliza kama ndiye aliyekuwa akija dukani kwake zamani na kurudisha soseji. Nikasema ndiye. Kasema zilirudi zaidi ya mara moja. Akauliza amezikwa wapi.

Nikakohoa. Kikohozi halisi, kwa bahati. Beverley, aliyekuwa akitandika, akajibu kwa ajili yangu: kona ya kushoto, kwa Wafumaji, pale nyasi zinapokataa kuota. Hata alipokuwa hai Winifred hakuwa na mkono wa kilimo.

Nyusi za Lumb zikashuka. Akasimama na kigari chake cha kutembelea, akatoka. Baada ya kitambo akarudi na chai juu ya kigari, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, hebu tulivunje hili dau. Sikujua, bwana. Wallahi sikujua."

Tazama sasa. Ndilo jambo nililolitafuta kwa pai, kwa vita vya Wapuni na kwa kipaji cha uso. Limeletwa mlangoni kwangu, na chai juu yake.

Lakini asubuhi ile ile redio ilikuwa imetangaza kikosi. Garside amepona. Garside namba saba, Kitching akiba. Tuna vyote viwili, kisu cha zamani na kisu kipya! Hatuwezi kushindwa. Na Lumb alikuwa na ile sura ya kunihurumia.

Nikasema dau ni dau.

Beverley ameutupa mto chini. Kaniuliza, "Babu, wewe akili yako unaiwekaga wapi ukilala?"

Jumamosi, 11 Oktoba

Wamenisukuma sebuleni na kitanda changu. Pai na njegere za kupondwa kwa wote. Mimi vijiko viwili.

Nitaandika kwa kifupi maana mkono umechoka.

Garside alicheza vizuri. Goti halikufa. Kovu halikufunguka. Kitching aliingia kipindi cha pili akacheza vizuri pia. Hakuna aliyezeeka, hakuna aliyeshiba. Nilizitafuta sababu zangu zote za kuanguka kwa dola, sikuiona hata moja.

Wachimbaji kumi na sita, sisi kumi na mbili. Mchezo wa mwisho kabisa. Garside akaupiga mpira juu, kuelekea kona ya kushoto. Kona ya kushoto! Winga wetu akaruka, akaudaka, akaangukia ndani ya mstari, akaukandamiza chini. Trai, pointi nne za kusawazisha, na mkwaju wa pointi mbili ungetupa taji. Nilikuwa nimesimama. Beverley anasema sikusimama, ila mimi najua nilisimama.

Wakaitazama mara ya pili kwenye video. Kiatu chake, kabla hajatua, kiligusa chokaa ya pembeni. Ncha tu ya kiatu, na trai ikafutwa.

Imekwisha. Mataji manne.

Nikamtazama Lumb, nikijiandaa. Hakushangilia. Alikuwa anatazama njegere zake. Akasema, "Pole sana, Mwalimu," akajipangusa macho kwa leso, na leso ilikuwa ya buluu na nyeupe, lakini nilimsamehe.

Sasa najiuliza: kiatu kingekuwa na namba moja pungufu, zama zingeendelea? Halafu vitabu vingesema ni tabia, ni malezi, ni falsafa? Ningependa miaka kumi ya kulitafuta jibu.

Winifred, nimekupoteza kwa ncha ya kiatu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeamka. Jambo hilo limemshangaza daktari. Maji yamepungua kifuani, kasema hajui kwa nini. Angalau kajifunza kukiri.

Lumb kaja baada ya chai, amevaa tai. Kasema amelala akiwaza. Dau ni dau, mimi mwenyewe nilisema, na yeye hawezi kulidharau neno la mtu anayekufa. Lakini yeye ni muuza nyama. Amegawa mizoga maisha yake yote na hakuna mteja aliyelalamikia mizani. Kwa hiyo: nusu yangu Castlegate, ili dau liheshimiwe. Nusu yangu kona ya kushoto. "Mkeo atapewa upande wenye moyo. Mimi mwenyewe nitasimamia." Na wimbo wa bendi tuusamehe.

Nimelia. Naungama. Beverley naye kalia, akasema sasa angalau tumekua.

Tukanywa chai kwa amani. Mvua dirishani. Chini, kwa mbali viwanjani, Wafumaji walikuwa wamekwisha kurudi mazoezini, ingawa msimu umekwisha! Kitching na Garside, wawili tu, wanapasiana hatua chache, kushoto, kulia. Nikawatazama kwa darubini. Kuna kitu pale. Nikahisi nakaribia kukielewa.

Ndipo Lumb akapuliza chai yake, akasema kwa utulivu kwamba sasa ni zama za Wachimbaji. Watachukua matano, pengine sita.

Sita!

Nikamwambia hakuna marefu yasiyo na ncha. Nikamwambia hata mawili hawapati. Akainua nyusi. Beverley akatoka chumbani.

Tumepeana mikono. Wakishinda tena mwaka ujao, ile nusu yangu ya kona ya kushoto itaenda nayo Castlegate. Wasiposhinda, Lumb atamwagwa kwetu, mzima mzima. Inabidi niishi mpaka Oktoba ijayo ili nijue. Nimemwarifu daktari kwa simu. Kesho nitamwambia Beverley kifua kinataka hewa ya viwanjani, na safari hii nitatazama blanketi.

Nimekumbuka nikipiga mswaki. Wafumaji huwapa wafiwa kona moja tu ya kumwagia majivu, ile ya kushoto. Nikishindwa, nimemwacha mke wangu peke yake. Nikishinda, nimemletea mtu wa soseji.

Winifred, sogea kidogo.